Mshika Bendera Hafurahi

Shuleni kwetu, kwenye milima ya Masisi, miaka ile ya hamsini, mtu hakuvaa fulana ya timu kwa sababu tu alijua kupiga mpira. Aliivaa kwa sababu padri mkuu wa shule alikuwa bado hajapata sababu ya kumvua. Na padri huyo, Mbelgiji mrefu mwenye miwani ya duara, hakuwahi kupungukiwa na sababu.

Kila muhula ulipoanza alitupanga barazani baada ya misa akatusomea kanuni za wachezaji. Ambaye hakufikia nusu ya pointi darasani hachezi. Ambaye pointi zake za konduite, yaani tabia, zimeshuka kwa sababu ya ugomvi, uchelevu au kutoroka bweni, naye hachezi. Hapo padri alikuwa anapasha sauti moto tu. Zilizotuumiza hasa zilikuwa zile zilizofuata.

Kipa wetu mzuri kuliko wote alitolewa kwa ajili ya kamba nyembamba aliyofungwa kiunoni na bibi yake, yenye fundo la dawa. Alijitetea kwamba ni ya kushikilia kaputula. Padri akamwomba aifungue kidogo. Kamba ikatoka, kaputula ikabaki mahali pake, na kipa akaenda. Beki wetu wa kushoto alionekana Jumapili moja akicheza na timu ya wafanyakazi wa shamba la pareto la mzungu mmoja, wanaume wazima wenye wake. Jumatatu alikuwa si beki wetu tena. Halafu ilikuwepo kanuni ya lugha: ndani ya uwanja ni Kifaransa tu. Kifaransa cha wengi wetu kilikuwa cha sala na cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na vyote viwili havimsaidii mtu anayetaka pasi. Kwa hiyo timu yetu ilicheza kimya, kama watu waliofiwa. Mwisho kabisa ilikuja ile ambayo padri aliisoma akiwa ameinua kidole: hakuna kubishana na arbitri, mwenye filimbi. Akisema usiku, ni usiku.

Nilizipenda kanuni hizo zote, na sababu yake ni rahisi: zilikuwa bado hazijanigusa. Nilikuwa kapteni, na winga wa kuume. Darasani nilikuwa miongoni mwa wa kwanza, kanisani nilitumikia altareni, na mpira ukifika mguuni mwangu nilikuwa naamini, sijui nani aliniambia, kwamba hata ng'ombe kule juu malishoni walikuwa wakiacha kula ili watazame. Wadogo walipoingia shule ni mimi niliyewafundisha kanuni. Niliwakaririsha moja baada ya nyingine kwa sauti ile ile ya padri, na kidole nilikiinua mahali pale pale.

Muhula mmoja padri akaongeza kanuni mpya. Shule za misheni zilikuwa zimekubaliana kuchezesha timu za watoto tu, kwa sababu kila mechi ilikuwa inaleta malalamiko kwamba upande wa pili umepanga wababa. Lakini nani alijua miaka yake? Karatasi za ubatizo zilitaja siku tuliyomwagiwa maji. Siku tuliyozaliwa zilikuwa haziijui. Basi mapadri wakaamua kupima kimo. Katika mlango wa karakana ya useremala fundi akapigilia fito toka upande hadi upande. Ambaye alipita chini yake akiwa amenyooka, huyo ni mtoto. Ambaye kichwa chake kiligusa, ni mkubwa, na timu ya wakubwa haikuwepo.

Siku hiyo hiyo padri akatangaza kwamba mechi ya kwanza itakuwa Walikale. Tutakwenda kwa kamio, yaani lori, tutashuka hadi porini, tutalala huko. Wengi wetu tulikuwa hatujapanda kamio maishani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wote wa kilima chetu karibu na Mushaki, hata kabla padri hajatangaza, kwa kuwa nilisikia habari hiyo sakristia nikikunja nguo za misa.

Nilikwenda kwenye ile fito peke yangu, watu walipokuwa mezani, nikasimama chini yake. Ilinigusa. Si kwamba ilinigonga. Ilinigusa nyweleni tu, kama mtu anayekuita polepole. Nikajiambia, ni nywele. Nikanyoa kichwa chote. Nikarudi. Iligusa ngozi.

Toka siku ile nilianza vita ya kuzuia kimo. Kwetu mama alikuwa anasema maziwa yanarefusha mifupa, basi nikaacha mashanza yangu, yale maziwa ya kuganda tuliyopewa siku ya sikukuu, nikawatazama wenzangu wakiyalamba. Nilijitolea kubeba matofali kichwani kwa ajili ya jengo jipya la masista, na masista wakamwambia padri kwamba hajapata kuonekana kijana mwenye moyo kama huo. Pointi zangu za konduite zikapanda. Mifupa nayo ikapanda. Nilitembea nimeinama shingo, nikaketi nimeinama, nikasali nimeinama, mpaka mwalimu wa kalasi yetu akaniuliza kama nina huzuni nyumbani.

Siku ya kupimwa tulijipanga mbele ya karakana. Wenzangu walipita chini ya fito mmoja mmoja, wengine wakiruka kidogo kwa dharau ili waonyeshe nafasi iliyobaki. Yangu ilipofika nilikunja magoti kidogo sana, nikashusha mabega, nikavuta shingo ndani kama kobe. Padri alikuwa amesimama pembeni na mikono nyuma.

“Simama vizuri,” akasema.

“Nimesimama, Padri.”

Akaja akaweka kiganja mgongoni mwangu na kingine tumboni, akaninyoosha taratibu kama mtu anayenyoosha shuka. Kichwa changu kikaipiga fito ikang'oka upande mmoja, ikaning'inia. Fundi seremala akatoka na nyundo kuipigilia upya, na timu nzima ikasubiri.

Nilipaswa kuondoka pale nikiwa bado na heshima kidogo. Lakini nilizijua kanuni, na mjuzi wa kanuni ana ugonjwa wake: anatafuta tundu. Nikakumbuka padri mwenyewe alisema kwamba kama mtoto ana kimo cha ukoo, mzazi anaweza kuja kushuhudia umri wake. Nikanyoosha mkono. Nikasema kwetu sisi ni warefu tokea tumboni. Padri akanitazama juu ya miwani yake.

“Basi mwite mama yako,” akasema.

Mama alikuja Jumamosi, toka kule kilimani kwetu, na kitunga cha birayi, viazi vya kwetu, kichwani kwa ajili ya mapadri na kitenge chake cha kwendea misa. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuitana toka kilima hadi kilima. Nilimpokea mbali na lango ili nimwandae.

“Mama, Padri akikuuliza, useme miye niko mudogo.”

“Mudogo kwa nani?”

“Mudogo tu. Mutoto. Useme nilizaliwa nyuma, si zamani.”

“Nyuma ya nini?”

“Mama, useme tu kama ningali mutoto!”

Alinitazama toka kichwa kilichonyolewa hadi miguu, akasema, “Sawa,” na kwa namna alivyolitamka neno hilo nilipaswa kumrudisha nyumbani pale pale.

Tukaingia ofisini kwa padri. Dirisha lilikuwa wazi, na chini ya dirisha, nilikuja kuambiwa baadaye, timu yote ilikuwa imekaa chini imebana midomo. Padri alisimama, akampa mama kiti. Alikuwa mtu wa adabu na mama za watu. Kiswahili chake alikisema polepole, kama anayepanga matofali.

“Mama, mutoto wako anasema yeye angali mutoto mudogo. Hawezi kazi ya watu wakubwa. Ni kweli?”

Nadhani lile neno la kazi ndilo lililoharibu. Padri alitaka kumsaidia tu, lakini mama akashusha kitunga toka magotini, akakiweka chini.

“Hawezi kazi?” akasema. “Nani amesema huyu hawezi kazi?”

“Yeye mwenyewe,” padri akasema.

Mama akanigeukia. Nikamkazia macho, nikakaza mpaka yakaniuma.

“Padri,” akasema, “huyu njo analima shamba yetu yote ya juu. Wakati baba yake aliumia muguu, nani alijenga nyumba ya mbuzi? Ni huyu. Nani alibeba muti ya paa? Ni huyu. Yeye iko mutoto wangu wa kwanza, Padri! Baadaye yake nilizaa wengine, na yule anayemufuata ameshaolewa, yuko na mutoto ku mugongo!”

Kutoka chini ya dirisha kikaja kishindo kama cha mtu aliyeanguka.

“Mama,” nikasema.

“Nyamaza. Nasema na Padri.” Alikuwa amesimama sasa. “Tena kule ng'ambo ya mto, iko familia moja tayari inamuulizia kwa binti yao. Banamuulizia mutoto mudogo? Hapana! Angalia hapa.” Akanishika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuzia dirishani penye mwanga. “Angalia, Padri, karibia. Ndevu! Iko inaota! Hii ni mwanaume!”

Padri akakaribia, kwa kuwa ameombwa, akainama, akatazama. Akavua miwani akaifuta. Aliifuta muda mrefu sana amegeukia ukuta, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

“Asante, Mama,” akasema mwishowe. “Umesema kweli, na umenisaidia sana.”

Nilimsindikiza hadi njia kuu. Alitembea kwa furaha, kitunga tupu mkononi.

“Nimemujibu vizuri, eh?”

“Umemujibu vizuri, Mama.”

“Bazungu ukibaogopa, banakuzarau,” akasema, akaniacha pale barabarani na kidevu changu.

Nafasi yangu ya winga alipewa kijana wa familia ya wafugaji toka upande wa Kitshanga. Alikuwa ameingia shule muhula ule ule, mfupi, mkimya, nguo zake zikinukia moshi na siagi. Kwa kuwa bado nilijiona kapteni rohoni, nilijipa kazi ya kumfundisha. Jioni baada ya masomo nilimwonyesha namna ya kukimbia na mpira, mimi ambaye mpira ulikuwa unanitoroka kila nilipofunga macho ili nipate kasi. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Ndiyo, kaka,” kisha akaupeleka mpira hadi upande wa pili wa uwanja kama anayeswaga ndama mmoja mtiifu, akarudi nao. Nikamwambia ameanza kuelewa.

Siku chache kabla ya safari padri aliniita.

“Kila timu inapeleka mtu mmoja wa kushika bendera pembeni mwa uwanja,” akasema. “Konduite yako ni nzuri, na kanuni unazijua kuliko watu wote. Kwa kushika bendera, kimo hakina neno.”

Akanipa fimbo yenye kitambaa chekundu kilichokatwa kwenye pazia kuukuu la sakristia. Kazi yangu ilikuwa kukimbia kando ya mstari na kuinua bendera kila mpira unapotoka nje, au mshambuliaji anapowavuka walinzi na kusubiri huko mbele kabla mpira haujapigwa. Ninaona haya kusema namna nilivyoipokea. Kufikia jioni nilikuwa nimekwisha kuwaeleza wenzangu kwamba mchezaji ni mtu wa kuhurumiwa, anakimbia tu kama alivyoamriwa, lakini mshika bendera ndiye anayehukumu. Nilijizoeza nyuma ya jiko la shule. Niliinua, nikashusha. Mpishi akadhani nafukuza kunguru, akanishukuru.

Tulishuka Walikale tukiwa tumesimama nyuma ya kamio, tumeshikana. Kwetu asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kukunja vidole, na kadiri tulivyoshuka ndivyo tulivyovua nguo, koti, kisha sweta, mpaka milima ya majani ikaisha na miti ikafunga njia pande zote mbili. Mvua ilinyesha, walinzi wa barabara wakatusimamisha kwenye kizuizi mpaka barabara inywe maji. Mfugaji wetu alitazama msitu ule kwa wasiwasi, akaniuliza ng'ombe wa huku wanakula nini. Nilimjibu kwa uhakika mkubwa, ingawa nami nilikuwa naingia msituni kwa mara ya kwanza, na sikumbuki nilimwambia nini.

Wenyeji wetu walitupokea vizuri, kwa kwanga, ile mikate ya muhogo, na samaki, na vijana wao walitucheka namna tulivyokuwa tunatoka jasho tukiwa tumeketi tu. Kesho yake, kabla ya mechi, padri wao alipima timu zote mbili kwa fimbo iliyokatwa kwa kipimo cha fito yetu. Mmoja wa wachezaji wao, mfupi na mpana, alipita chini ya fimbo bila shida, akatusalimu kwa sauti iliyotoka ndani kabisa ya ardhi. Alikuwa na ndevu. Hazikuwa za kutafutwa dirishani penye mwanga. Zilikuwa ndevu za mtu anayenyoa. Nilimtazama padri wetu, nikajigusa kidevu. Akaniambia kwa upole kwamba kanuni inapima kimo.

Arbitri alikuwa mwalimu mmoja wa pale, mzaliwa wa upande wa Buleusa, mtu mwembamba mwenye kaputula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alitukusanya sisi washika bendera wawili, akatupa maagizo. Nilimkatiza mara kadhaa nikimwonyesha kwamba nayajua.

Mechi ilianza, na kipindi chote cha kwanza nilikuwa mshika bendera ambaye hajapata kuonekana. Niliinua bendera mpira ulipotoka, na niliinua ulipotaka kutoka. Niliwanyoshea wenyeji, niliwanyoshea wa kwetu, nimekaza uso kama hakimu. Beki wetu aliponong'ona, “Kaka, uko wa nani?” nilimjibu kwa Kifaransa kwamba aheshimu. Joto lilikuwa linawamaliza wenzangu. Wenyeji walishambulia, yule mwenye ndevu akapiga mashuti ya kutikisa mti wa goli, na kipa wetu mpya akawa anaokoa kwa tumbo, kwa magoti, mara moja kwa uso.

Kipindi cha pili kilikuwa kinakaribia kwisha, na hakuna aliyefunga. Kiungo wetu akaunyang'anya mpira katikati ya uwanja, akamtupia mfugaji, upande wangu wa mstari. Walinzi walikuwa bado mbele yake, pasi ilikuwa safi kabisa, hilo niliona. Akaanza kukimbia.

Nami nikaanza kukimbia. Ilikuwa kazi yangu kukimbia, mshika bendera hufuata mpira. Lakini sikukimbia kama mshika bendera. Ile njia ya pembeni ilikuwa yangu, niliijua kwa nyayo, na mwili wangu ukasahau kwamba umepimwa. Alipompita mlinzi wa kwanza, nilimpita pamoja naye. Alipokata kwenda ndani, bega langu lilikata. Alipoinua mguu apige, wangu uliinuka, ukapiga hewa, na nikaruka juu kwa nguvu zangu zote nikipiga kelele, mikono yote miwili mbinguni.

Mpira ukaingia, na filimbi ikalia.

Ilikuwa filimbi fupi, kavu, si ya goli. Arbitri alikuwa ananyoosha mkono upande wetu: goli limekataliwa, mshika bendera ameinua bendera kabla mpira haujaingia. Wenyeji wakashangilia. Nikashikwa na hasira, nikageuka kumtafuta huyo mshika bendera mjinga. Yule wa ng'ambo ya pili alikuwa amesimama kimya, bendera yake imelala kando ya paja. Ndipo nikafuata macho ya watu wote hadi kwenye mkono wangu wa kuume, na juu ya mkono wangu kile kitambaa cha pazia kilikuwa bado kinapepea.

Nikamkimbilia arbitri. Nilikuwa na maneno mengi sana, lakini kanuni ilisema Kifaransa, na Kifaransa chote kilikuwa kimenikimbia isipokuwa maneno mawili.

“Monsieur!” nikasema. “Mimi, content! Content!” Nikajipiga kifua, nikamwonyesha bendera, nikatabasamu ili aone furaha yenyewe ilivyokuwa.

Akanitazama toka juu hadi chini.

“Mushika bendera hafurahi,” akasema kwa Kiswahili.

“Lakini goli ni safi! Niliona! Bendera si ya hukumu, ni ya furaha!”

“Bendera iko moja tu.”

“Basi naishusha! Tazama, nimeishusha!”

“Weye unabishana na arbitri?”

Nilijua kanuni hiyo. Nilikuwa nimewakaririsha wadogo, na kidole juu. Nikafungua mdomo nikaendelea kubishana, kwa Kiswahili, kisha kwa Kihunde, kisha kwa mikono. Arbitri akanyoosha kidole nje ya uwanja. Nikamweleza kwamba mimi tayari niko nje ya uwanja, mahali pangu ni kwenye mstari. Akafikiri kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, kisha akanyoosha kidole mbali zaidi, hadi kwenye miti ya michikichi nyuma ya kanisa.

Kwa hiyo nilitolewa. Sijapata kusikia, toka siku ile mpaka leo, mshika bendera mwingine aliyefukuzwa mchezoni kwa utovu wa nidhamu. Nikatazama dakika za mwisho toka michikichini, na ndipo nikamwona padri wetu mwenyewe akichukua bendera, akikunja kanzu yake nyeupe mkononi, akikimbia kando ya mstari na soksi zake nyeusi zimeonekana hadi magotini. Watu wa Walikale walimpigia makofi kuliko walivyowapigia wachezaji. Mechi ikaisha bila goli.

Wakati wa kurudi wenzangu walinipa migongo. Padri, kabla ya kupanda mbele kwa dereva, alinisimamisha kando ya gurudumu.

“Konduite yako ilikuwa nzuri sana,” akasema, “mpaka ulipofurahi.” Nami nilipomtazama nikaona kwamba tayari anaifuta miwani.

Tulipoanza kupanda kwenda kwetu kamio ilizama kwenye matope. Tukashuka wote kusukuma. Mimi nilichagua mahali pabaya kuliko pote, nyuma ya gurudumu, nikijua nitarushiwa tope usoni, na nikarushiwa, na sikujifuta, nikitumaini kuna mtu atakayeniona na kunihurumia. Hakuna. Kamio ilipotoka tukapanda tena, na mfugaji akaja kuketi kando yangu kwenye mzigo wa kwanga tulizopewa. Nilijiandaa kutukanwa. Alikuwa na haki yote.

“Kaka,” akasema, “njo weye ulikuwa unapumua vile?”

“Nilikuwa napumua namna gani?”

“Nilipokuwa nakimbia na mupira. Nilisikia muntu kando yangu anapumua kama dume la ng'ombe. Nilifikiri ni yule wa ndevu, ananifikia. Sikugeuka. Niliogopa sana, kaka, njo maana nilikimbia vile. Siku zingine sikimbiakake vile.”

Kumbe goli lile nilikuwa nimelisababisha, kisha nikalikataa.

“Kwa hiyo,” nikamwambia, “kama si mimi, usingefunga.”

“Sikufunga,” akasema.

Aliyekuwa mbele yetu alicheka kwanza, yule beki aliyeniuliza mimi ni wa nani. Kisha kipa, ambaye uso wake ulikuwa umevimba na kucheka kulimuuma, akashika shavu. Halafu kamio yote. Nilicheka nami, kwa sababu kununa peke yangu nisingeweza na kulia mbele ya wadogo nisingethubutu.

Pointi zangu za konduite zilishuka muhula ule, na kwa kufuata kanuni nisingeweza hata kushika bendera tena. Shuleni, kwa muda mrefu, nilipopita uani kijana mmoja alikuwa anainua mkono juu bila neno, na mwingine mbali kidogo anainua wake, mpaka naona mikono imesimama toka bweni hadi kanisani. Nilijifunza kupita katikati yao nimenyooka, kwa kuwa sasa hapakuwa tena na haja ya kuinama.

Habari zilifika kwetu kabla yangu. Likizo ilipokuja nilimsindikiza mama sokoni Mushaki, nikiwa nimembebea kitunga cha maharagwe, na nilijua ataniuliza. Nilimweleza yote, kwa ukweli, nikitembea nyuma yake. Nilimweleza mstari, pasi, walinzi, maana ya bendera. Alisikiliza bila kugeuka.

“Hapo nyuma sijasikia vizuri,” akasema. “Ulipoinua kitambaa, ilikuwa namna gani?”

“Arbitri alipiga filimbi.”

“Na wale batoto bengine?”

“Walisimama.”

“Bote?”

“Wote, Mama. Timu zote mbili.”

Tukafika sokoni. Huko mwanamke mmoja muuza maziwa, jirani yake wa siku nyingi, akamuuliza kama huyu ndiye yule kijana wake aliyekwenda Walikale na kamio.

“Njo huyu,” mama akasema, akitandika kitambaa chini. “Kule Walikale watu walikuwa wanacheza mupira, wakubwa wenye ndevu, mbele ya Padri bawili. Huyu mwana wangu akainua mukono. Moja tu. Mupira ikasimama.”

Mwanamke yule akanitazama kwa heshima, akauliza kwa nini niliusimamisha. Nilifungua mdomo kumweleza. Mama akanipa kipimo cha maharagwe nikishike, akamwambia kwamba mambo hayo ni ya masomo, ni marefu, na watu wanasubiri kununua.